Kushoto kwa Nani

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima, basi Mungu aliye karibu nawe kuliko mimi akushike mkono. Sisi huku tunakwenda. Shemeji yako kikohozi kimempungua, ila amekifanya kisingizio cha kutoinua ndoo. Mwanangu wa mwisho amefaulu hesabu, sijui karithi wapi, kwangu si kweli. Mimi ni yule yule, mguu kwenye pedeli ya cherehani pale sebuleni, sikio chumbani kwa Mama.

Nakuandikia kwa sababu simu yako ni ya "nitakupigia baadaye", na hiyo baadaye sasa ina miezi. Barua huwezi kuikata katikati.

Ni habari ya Mama. Tangu kiharusi kile cha Novemba mdomo haujarudi. Upande wa kulia umelala kabisa, na mkono wa kushoto hauna nguvu ya kuinuka, vidole tu ndivyo vinavyocheza. Kichwa hakitikisiki kwa ndiyo wala kwa hapana. Nesi wa zahanati anasema anasikia kila kitu na akili zake anazo. Macho yanatiririka mchana kutwa, hatujui chozi lipi la kilio na lipi la ugonjwa.

Hebu fikiria, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, aliyekuwa akigombana na muuza mkaa dirishani huku anamalizia jirani hadithi ya jana. Leo nakaa naye nabahatisha. Mama, maji? Mto? Joto? Juzi nilibahatisha saa nzima, kumbe alikuwa amelalia kibanio changu cha nywele.

Njoo, Bisibisi. Na kama kuja kumekushinda, wewe ni fundi. Mizani zilizokufa unazifufua mpaka zinasoma tena. Mtengenezee mama yako kitu cha kusemea.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja.


27 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Mpe pole shemeji, na mwambie ndoo haiambukizwi kikohozi. Huku mizani za sokoni zinakaguliwa mwezi ujao, na kila muuzaji ghafla anataka yake iseme kweli. Mwenye karakana hatoi ruhusa mpaka ukaguzi upite. Kwa hiyo la kuja tuliweke kando.

Hilo la kitu cha kusemea nimelilalia siku tatu, na linawezekana. Ninacho kibao cha vitufe kumi na sita, vinne kwa vinne, vilaini, hata kidole cha mgonjwa kitavibonyeza. Ninacho kioo kidogo cha maandishi nilichokitoa kwenye mizani iliyoungua, mstari wake mmoja bado unasomeka vizuri. Katikati nitaweka chipu, ndiyo ubongo.

Nikueleze kwa lugha ya cherehani. Vitufe ni kumi na sita lakini nyaya nane tu. Nne zimelala na nne zimesimama, kama nyuzi za kitambaa, na kila zinapopishana pana kitufe. Chipu inauliza mstari mmoja mmoja: kwako kuna aliyeguswa? Na kwako? Inauliza haraka kuliko sindano yako. Ikijua ni uzi upi wa kulala umekutana na upi wa kusimama, inaandika kwenye kioo neno la kitufe hicho. Mama anagusa, wewe unasoma.

Ninachohitaji kwako ni maneno. Kumi na sita, na kila moja lisizidi herufi kumi na sita pamoja na nafasi.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na sifa kwa Mungu aliyekupa mikono hiyo. Tangu barua yako ifike nimekuwa mtu wa kuhesabu herufi. Ninapima kiuno cha mteja huku nahesabu F-U-N-G-U-A.

Kazi ngumu uliyonipa hii. Maneno kumi na sita kwa Mama, ambaye zamani alikuwa akiyamaliza kabla hajavaa kandambili. Nimeandika, nimefuta. Nimeweka MAJI na NAUMWA. Nimeweka NIGEUZE, NIFUNIKE, FUNGUA DIRISHA, NIOMBEE. Nimeweka NATAKA KULALA, maana nisipolijua hilo nitamchosha kwa maneno yangu, unanijua. Na nimeweka KAA NAMI. Hilo sikulifikiria sana, lilikuja lenyewe, nikaliweka pale vidole vyake vinapotua.

Mama kusoma ni kidogo na macho yenyewe ndiyo hayo, kwa hiyo nimechora vyumba kumi na sita kwenye kipande cha boksi, kila chumba nimekibandika kitambaa chake: maji ni satini, naumwa ni kipande cha gunia, kaa nami ni mahameli, nataka kulala ni drili ya kaptula. Kila siku baada ya sala ya asubuhi namshika kidole, namtembeza. Mama, hii mahameli, unataka nikae. Hii drili, unataka kulala. Sasa kidole kinakwenda chenyewe. Mchoro wa vyumba nimekunakilia, umo humu kwenye bahasha. Boksi lako likifika nitahamishia vitambaa humo humo.

La kumi na sita ni MWITE BISIBISI, nimelipa chumba cha katikati. Nimehesabu, ni herufi kumi na nne, linaenea. Nimempa kipande cha shati lako la shule, lile la kola iliyochanika. Hukujua kama lipo.

Dada yako.


20 Aprili

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Ukaguzi ulisogezwa, halafu ukasogezwa tena.

Sanduku limo ndani ya kifurushi hiki. Kibao cha vitufe nimekifunga mbali nalo, utepe wa nyaya usije kukatika ndani ya basi. Kuunganisha ni kazi ya dakika moja. Nyuma ya sanduku pana tundu refu. Chomeka utepe humo, ule waya niliopaka rangi nyekundu uwe upande wa kushoto. Weka betri, washa. Sanduku likae kwenye kigoda, kioo kikuangalie wewe, na kibao kiwe chini ya kiganja cha Mama.

Kujaribu, bonyeza pembe ya juu kulia, itoke MAJI. Bonyeza pembe ya chini kushoto, itoke NAUMWA. Hayo mawili ndiyo ya haraka, umefanya vizuri kuyaweka pembeni asiyakose. Yakitoka, ujue vyote viko sawa, usimalize betri kwa kujaribu jaribu.

Maneno yako yote nimeyapanga kama ulivyochora, isipokuwa la mwisho. Halikuenea. Kitufe hicho nimekiacha kitupu.

Kuhusu kuja, mwezi wa sita labda.

Mdogo wako.


12 Mei

Mdogo wangu Bisibisi, fundi wa mafundi,

Nikuanzie wapi? Nimechomeka utepe, mwekundu kushoto kama ulivyoniagiza, nimebonyeza pembe mbili, MAJI, NAUMWA. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu. Vitambaa nilikuwa nimeshavibandika. Nikamwekea Mama kiganja juu yake, nikamwambia haya sasa, Redio, rudi hewani. Kidole kikatembea mpaka satini. MAJI. Nikamletea kikombe, nikamnywesha kijiko kwa kijiko.

Sasa ni wiki mbili. Maji tunakwenda vizuri, maumivu tunakwenda vizuri. Mengine ana vituko. Kuna siku ya jua kali kaniambia NIFUNIKE, nimemfunika mpaka jasho, kaendelea kubonyeza NIFUNIKE, NIFUNIKE. Nesi anasema kiharusi huchanganya joto na baridi, nisishindane naye. Mara nyingine naona kidole kinabonyeza na kioo kinabaki kitupu, nadhani kinateleza.

Lakini neno lake kubwa ni NATAKA KULALA. Kila nikiingia. Sijakaa hata kitako vizuri, kioo kinasema NATAKA KULALA. Basi navuta pazia, natoka kwa vidole vya miguu, narudi kwenye cherehani. Sare sitini za shule nimezimaliza kabla ya siku, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Mungu akupe maisha marefu. Umempa Mama mdomo na mimi umenipa mikono.

Lile la "halikuenea" nimelisoma. Nimehesabu tena, ni kumi na nne. 

Mwezi wa sita tunakungoja.

Dada yako.


3 Julai

Mdogo wangu,

Shemeji yako alikupigia Jumanne ile. Anasema ulisema "nimesikia" na simu ikakatika. Tulikungoja hadi Jumatano jioni, halafu wazee wakasema haiwezekani tena kuchelewesha maziko. Nimeacha kuuliza.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana ni haki yako. Asubuhi nilimwosha, nikambadilisha shuka. Nikavuta kiti nimsomee maneno ya Mungu kidogo. Kioo kikasema NATAKA KULALA. Nikasema haya mama, pumzika. Akabonyeza tena. Nikasema nimesikia, mama, naondoka. Nikavuta pazia. Nilikuwa na kola nane za kushona. Niliporudi na chai alikuwa ameshatangulia.

Najifariji kwa hilo. Aliomba kulala, na Mwenye kupumzisha alimpumzisha. Si kila mtu anaondoka akiwa ameeleweka.

Na wewe jifariji. Bila mikono yako asingeeleweka.

Dada yako.


29 Julai

Dada, shikamoo.

Pole, na mimi nijipe pole.

 Nashukuru kwamba alisema anataka kulala. Nikiamka nalishika hilo moja.

Waombe wazee radhi kwa niaba yangu.

Mdogo wako.


18 Agosti

Bisibisi,

Salamu. Wote wazima.

Nesi alikuja wiki iliyopita. Nyumba ya tatu kutoka kwetu yupo mwalimu mstaafu, naye kiharusi kimemfunga mdomo, mke wake anabahatisha kama nilivyokuwa nikibahatisha mimi. Akaniomba lile sanduku. Nikasema lichukue, ni sadaka ya Mama. Nikakaa kulisafisha na kubandua vitambaa, mwalimu anajua kusoma, yeye atawekewa karatasi.

Nilibandua satini, nikabonyeza. MAJI. Nikabandua mahameli, nikabonyeza ili nione neno la Mama mara ya mwisho. Kioo kikaandika NATAKA KULALA.

Nikadhani nimekosea. Nikabonyeza drili. KAA NAMI.

Nikavijaribu vyote, kimoja kimoja, kumi na sita, betri iishe isiishe. Ni kama mtu amekunja kitambaa mshazari, kutoka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vilivyo kwenye mkunjo vimebaki mahali pake. Vingine, kila kimoja kimehamia kwa mwenzake wa ng'ambo. Alipotaka dirisha nilimfunika. Na kila alipotaka nikae, mdogo wangu, nilivuta pazia.

Nijibu kama uliye mbele ya Mungu. Ni mimi?

Dada.


30 Agosti

Dada, shikamoo.

Si wewe. Nimekaa na daftari langu, nimeyapitia yote. Kosa liko kwenye maagizo niliyoandikia chipu, niligeuza safu na mistari nilipokuwa nayapanga maneno. Hata ungechomeka vipi lingetokea lile lile. Ni langu peke yangu.

Usimpe mwalimu sanduku hilo. Nitumie kwa basi nilirekebishe.

Usijitese. Mama alikuwa anakujua.

Mdogo wako.


14 Septemba

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako, na nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Hujui kusema uongo. Tangu utoto ukidanganya unaandika vizuri.

Mimi ni fundi wa nguo, nguo nazigeuza ndani nje kutwa nzima. Nilichukua barua yako ya Aprili. Umeandika mwekundu uwe upande wa kushoto. Tundu liko nyuma ya sanduku. Sasa mtu akitaka kuchomeka nyuma, si lazima aligeuze? Na akiligeuza, kushoto ni kushoto kwa nani? Wewe ulikuwa umekaa mbele ya kioo unapoandika. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliugeuza utepe, mwekundu kulia kwangu, nikawasha. Mahameli ikasema KAA NAMI. Vyote kumi na sita vikakaa sawa. Hakuna kosa kwenye chipu yako.

Kwa hiyo ni mkono wangu, na ni neno lako, na ni zile pembe mbili ulizoniambia zatosha. Tungekuwa chumba kimoja ungesema "si hivyo, dada, geuza", na mambo yangeisha kwa kicheko. Hilo nakuambia bila hasira. Hasira niliimaliza kwenye sala.

Lakini nina jambo ambalo sikumwambia mtu, hata shemeji yako, na nisipokuambia wewe litanioza ndani. Nilikuwa naona. Si mara moja. Kioo kikisema NATAKA KULALA, nikiinuka, uso wake ulikuwa unabadilika. Niliujua miaka hamsini uso ule. Macho yalisema vile, kioo kikasema hivi, nami nikaamini kioo, kwa sababu kioo kilikuwa kinaniruhusu kuondoka. Nilikuwa nimechoka, Bisibisi. Nilifurahia neno lile. Nililisubiri mlangoni kama mtoto anayesubiri kengele ya shule.

Hilo halikuchomekwa na mtu. Ni langu.

Na kuna lako. Vitufe vya kwenye mkunjo havikukosea hata siku moja, nilikwambia. Kile kitupu kilikuwa kwenye mkunjo. Kwenye boksi nilimfundisha kuwa ni wewe, na hakuna aliyemfundisha kusahau. Zile mara kioo kilipobaki kitupu nikasema kidole kimeteleza, hakikuteleza. Ilikuwa kila siku, baada ya sala.

Sanduku silitumi. Mwalimu bado analingoja, na mke wake kila tukipishana ananitazama. Nimekataa kulichomeka mimi. Njoo ulichomeke mwenyewe.

Dada yako, bado wa tumbo moja.


2 Oktoba

Dada, shikamoo.

Shemeji na watoto wasalimie.

Maneno yale yalienea. Nililiandika MWITE BISIBISI, likatokea kwenye kioo mbele yangu hapa mezani, nikalifuta. Nilijua akilibonyeza utaniandikia kwamba ameniita, na nisingekuwa na pa kujificha. Ruhusa nilikuwa naipata, Dada. Tangu Machi. Mwenye karakana mwenyewe aliniuliza mbona siendi. Niliogopa kuingia chumba kile na Mama anitazame asinigombeze. Nilimwacha na mdomo wake nikataka abaki nao, japo kichwani mwangu.

Kuhusu ulichoniambia, sitasema haikuwa hivyo. Ulikuwepo wewe. Aliyechoka ni yule aliyekuwepo.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Nimepewa siku nne, mbili zinaliwa na njia. Moja ni ya mwalimu, mwambie mke wake nitakaa naye kutwa, maneno achague yeye, na tutavibonyeza vyote kumi na sita mbele yake hata betri ziishe tatu. Nyingine unipeleke alipolala Mama. Twende wawili tu. Tukifika unionyeshe ni wapi, kisha usiniombee msamaha kwa niaba yangu. Nitajaribu mwenyewe, na ikichukua muda, unisubiri.

Mdogo wako.